Tundu lililokataa, na mara ya pili



Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya unga wa muhogo wakati wa mvua. Tunaomba mtuvumilie, unga utarudi juma lijalo. Tangu mkutano wetu wa siku ya posho wamama watatu walitushika kando, kila mmoja peke yake na kwa sauti ndogo, wakauliza jambo moja: binti alitobolewa kitovu, tundu likaharibika, na sasa anataka kutoboa tena. Tufanye nini? Tukaona tusijibu pembeni. Tujibu hapa, mbele ya wote, maana hata sisi yametupata.

Mmoja wetu tunaoandika ukurasa huu ana binti wa miaka 19. Binti mwenyewe ametupa ruhusa ya kusimulia, mradi jina lake lisitajwe. Tutamwita binti yetu, na ndivyo alivyo.

Siku matokeo ya diploma ya serikali yalipotoka, alirudi nyumbani na poda nyeupe kichwani kama wenzake wote, akiimba. Tulicheza naye mpaka jioni. Kesho yake yeye na rafiki wawili walikwenda katika saloni moja ya mtaani, pale wanaposuka nywele, wakalipa foranga elfu tano kila mmoja, wakatobolewa juu ya kitovu. Alificha chini ya kikwembe. Tulijua siku ya nne, alipokuwa anafua na blauzi ikapanda.

Hapa tuseme ukweli wetu. Tulipiga kelele. Tulisema maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mtoto aliyemzaa. Tulimwuliza nani atamwoa. Matokeo ya kelele ile ni kwamba binti hakutoa kile chuma. Alinyamaza tu, na tundu lilipoanza kuharibika hakutuambia. Alimwaga poda ya kapsuli ya ampisilini juu yake, akapaka dawa ya meno, akafunga kikwembe, akaendelea kubeba maji. Miezi mitatu ilipita. Siku moja asubuhi yaya yake alimkuta chumbani analia. Ngozi iliyokuwa imebeba chuma ilikuwa imebaki nyembamba kama karatasi ya kitunguu, na chuma kilionekana ndani yake.

Tulimpeleka kituo cha afya siku ileile. Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Alitazama, akavaa glavu, akafungua kile chuma, akakitoa polepole. Kisha akasema jambo ambalo hatukulijua: “Huu si ugonjwa tu. Mwili umekataa.”

Namna mwili unavyokataa

Mwiba ukiingia mguuni na usitolewe, baada ya siku kadhaa mwili wenyewe huusukuma mpaka juu. Chuma kilichopita karibu na uso wa ngozi hutendewa vilevile. Mwili hujenga nyama mpya chini yake, na kila juma kinasogea kidogo kwenda nje. Mwisho ngozi ya juu inapasuka na chuma kinaanguka, kinaacha kovu refu lililogawanyika.

Tundu la sikio halipati shida hiyo sana, kwa sababu hereni inaingia mbele na kutokea nyuma. Lakini kwenye nyusi, nyuma ya shingo, kifuani au juu ya kitovu, chuma kinaingia na kutokea upande uleule. Kimelala chini ya ngozi kama uzi chini ya kitambaa. Huko kukataa hutokea mara nyingi zaidi.

Muuguzi alitueleza sababu, na tulipozisikia tuliona kwamba kwa binti yetu zilikuwapo karibu zote.

Ya kwanza, alitobolewa juujuu mno. Aliyemtoboa alishika ngozi kidogo sana. Pale juu ya kitovu panahitaji nyama ya kutosha, karibu sentimita moja kutoka tundu la chini mpaka la juu.

Ya pili, chuma chenyewe. Kilikuwa chembamba kama hereni ya mtoto. Mmeona sokoni namna mche wa sabuni unavyokatwa kwa waya: waya ukiwa mwembamba, unakata upesi. Chuma chembamba kinaikata ngozi vivyo hivyo. Kwa kitovu hutumiwa chenye unene wa milimita 1.6, kilichopinda kidogo, na urefu wa milimita 10 au 12.

Ya tatu, nikeli. Mapambo ya bei ndogo huwa na nikeli ndani yake, na watu wengi ngozi yao haiipatani. Pahali panawasha, panakuwa pekundu au peusi, panatoa maji. Umoja wa Ulaya umeweka sheria ya kupunguza nikeli katika vyuma vinavyopitishwa kwenye matundu ya mwili. Sokoni kwetu hakuna anayepima.

Ya nne, kikwembe. Sisi tunafunga kikwembe palepale kitovuni, tunakaza, tunainama kufua, tunabeba mtoto mgongoni na fundo linakaa mbele. Kila siku chuma kinasukumwa na kuvutwa. Hata kazi nzuri ya kutoboa ingeshindwa.

Dalili za kukataa ni hizi, mabinti, mzishike kichwani: chuma kinaonekana kirefu zaidi kuliko siku ya kwanza, matundu yanapanuka, ngozi iliyo kati ya matundu inang’aa, inakuwa nyembamba, chuma kinaonekana kwa ndani, kinalala upande wakati zamani kilisimama. Ukiona hivyo, usingoje. Kitolewe mbele ya ngozi kupasuka. Ukikitoa mapema utabaki na alama mbili ndogo, na ukingoja mpaka kianguke chenyewe utabaki na mfereji.

Kukataa si kuoza

Hapa wengi wanachanganya, na kosa lake ni baya. Tundu likioza, dalili ni nyingine: pahali pana joto, panavimba, panauma kwa kupigapiga, panatoa usaha wa njano au wa kijani unaonuka, na mara nyingine homa inakuja. Hapo usikimbilie kutoa chuma wewe mwenyewe nyumbani. Tundu linaweza kufunga na usaha ukabaki ndani. Nenda kituo cha afya na chuma kikiwa pale, muuguzi ataamua.

Ukiona mstari mwekundu unatambaa kutoka kwenye tundu, au homa na kutetemeka, usingoje asubuhi. Nenda usiku uleule.

Na ile poda ya kapsuli, wamama, tuiache. Sisi wote tumeifanya, kwa vidonda vya watoto na kwa vyetu. Kapsuli imetengenezwa kwa kumezwa. Juu ya kidonda inakauka kama saruji, inafunika uchafu, na inaweza kuamsha mzio. Dawa ya meno, majivu, alkoli na maji ya oksijeni vinachoma nyama changa inayojaribu kupona.

Binti anaomba mara ya pili

Kidonda kilipona kwa majuma sita. Tulifikiri habari imekwisha. Mwezi wa tano binti alikuja jikoni wakati tunawasha mbabula, akakaa kwenye kiti kidogo, akasema: “Mama, nataka nitoboe tena. Safari hii nimekuja kukuambia kwanza.”

Tunakubali kwamba neno la kwanza lililotujia lilikuwa hapana. Lakini tulikumbuka ile asubuhi chumbani. Tulijifunza kwamba hapana yetu ya kwanza haikuzuia chuma. Ilizuia tu mtoto kutuambia. Tukamwambia turudi wote wawili kwa yule muuguzi, naye akikataa tukatae, na akikubali tuzungumze. Baba yake alisema shauri hilo ni la wanawake, akaomba tu asisikie tena kilio asubuhi.

Muuguzi hakusema ndiyo wala hapana. Alibonyeza kovu kwa kidole. Akasema bado ni gumu na limeshikana na nyama ya chini. Alitueleza kwamba kovu hujengeka polepole, kwa mwaka mzima na hata zaidi, na halirudishi nguvu yote ya ngozi ya kwanza. Hata likikomaa linafika kama asilimia 80. Ukitoboa juu ya kovu changa unaweka mzigo kwenye ukuta ambao udongo wake haujakauka. Kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha kukataa, miezi mitatu ni kidogo sana. Afadhali sita, na mwaka ni bora zaidi. Kovu liwe laini, lisiwashe, liende pamoja na ngozi unapolisukuma.

Alimpa binti kazi ya kufanya wakati wa kungoja. Ya kwanza, apimwe homa ya ini ya B, na kama hana, aanze chanjo. Watoto wetu wa leo wanapata chanjo hiyo ndani ya sindano ya penta, kwenye majuma 6, 10 na 14. Lakini wakubwa wengi hawakuipata, na wengine kadi zao zimepotea. Virusi vya homa hiyo vinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka, kwa siku 7 au zaidi. Binti yetu alitobolewa saloni na sindano iliyokuwa imetoboa rafiki zake wawili mbele yake. Walikuwa wameifuta kwa pamba. Tulimpima homa ya ini, na Ukimwi pia, mara moja na tena baada ya miezi mitatu. Majibu yalikuwa mazuri. Zile siku za kungoja karatasi hatutazisahau, na rafiki zake tuliwapeleka pia, pamoja na mama zao.

Ya pili, ahakikishe chanjo ya pepopunda.

Ya tatu, atafute chuma chema. Shangazi yake aliye Ubelgiji alituma kimoja cha titani, cha aina ile inayotumiwa na wapasuaji ndani ya mwili. Dhahabu ya karati 14 na kuendelea inafaa pia, lakini iwe dhahabu kweli, si iliyopakwa juu tu. Ambaye hana shangazi Ulaya na hana fedha ya dhahabu, tunamwambia wazi: afadhali ukae bila pambo kuliko kuweka chuma usichokijua ndani ya nyama yako.

Ya nne, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, ajizoeze kufunga kikwembe chini ya kitovu au kuvaa gauni, kwa miezi yote ya kungoja. “Ukishindwa sasa wakati huna kidonda,” muuguzi alimwambia, “utashindwa na wakati unacho.” Binti aliweza. Bibi yake alicheka kila asubuhi.

Siku yenyewe

Ilipita miezi kumi tangu chuma cha kwanza kutolewa. Muuguzi alimtazama akiwa amesimama, kisha ameketi, kisha ameinama. Alitueleza sababu: kuna watu ambao tumbo likijikunja wakikaa, ukingo wa juu ya kitovu unabanwa kabisa. Hao chuma kitasukumwa kila wanapoketi, na kwao ni afadhali kuacha. Binti yetu alikuwa na ukingo wa kutosha, lakini si pale pa zamani. Muuguzi aliweka alama mbili za kalamu ndani zaidi na kando kidogo ya kovu, binti akiwa amesimama, maana ukilala ngozi inahama na alama zinadanganya.

Sindano ilikuwa mpya, ikatolewa kwenye karatasi yake mbele ya macho yetu. Chuma na koleo vilikuwa vimepita kwenye otoklavi ya hospitali, ile sufuria ya mvuke inayofika nyuzi 121. Kuchemsha tu katika sufuria ya nyumbani hakuui kila kijidudu. Na bastola za kutobolea tunazoziona sokoni zina sehemu za plastiki zisizovumilia otoklavi. Tena zinasukuma chuma kwa nguvu, zinaponda nyama. Zisiguse kitovu wala gegedu la sikio.

Tulimshika mkono. Ilikwisha mbele hatujamaliza kuomba.

Kisha kazi ya nyumbani: kunawa mikono kwa sabuni kila mara mbele ya kugusa. Mara mbili kwa siku kumwagia maji ya chumvi ya farmasi, yale ya serumu yenye chumvi gramu 9 kwa lita, kukausha kwa kitambaa safi bila kusugua, basi. Asizungushe chuma. Asiingie ziwani kuogelea mpaka kipone. Asikitoe kwa kubadilisha urembo mbele ya wakati. Kitovu kinachukua miezi sita mpaka mwaka mzima kupona kwa ndani, hata kama nje kinaonekana kimepona kwa juma la nane.

Leo ni mwezi wa tano. Chuma hakijasogea. Kila siku ya Mungu baada ya kutoka kanisani tunapima pamoja kwa rula ya shule ya mdogo wake: kutoka tundu mpaka tundu, milimita 11, kama siku ya kwanza. Hatujasema bado kwamba kimepona. Na ameahidi kwamba kikisogea hata milimita mbili, kitatolewa siku hiyohiyo, na hatutajaribu mara ya tatu.

Maswali matatu mliyotuuliza

Mama wa kwanza alituuliza: “Tukiruhusu, si tunafundisha uhuni?” Mama, tunaheshimu swali lako. Kila nyumba ina njia yake, na binti aliye chini ya miaka 18 asitobolewe bila wazazi. Lakini tusiseme kwamba kupamba mwili kumeletwa juzi na video. Bibi za Waluba walichanjwa chale tumboni na mgongoni, na chale zile zilikuwa heshima ya mwanamke. Sisi wenyewe tulitobolewa masikio tungali wachanga, bila kuulizwa. Uhuni unaonekana katika matendo ya mtu, na huyu binti alikuja jikoni kutuomba.

Mama wa pili: “Binti yangu ana mimba na bado ana chuma kitovuni.” Asitoboe kitu kipya wakati wa mimba. Kama tundu la zamani limepona, anaweza kutoa chuma tumbo linapoanza kuvuta ngozi. Kama bado ni kidonda au kinasogea, aonyeshe kwenye kliniki ya mimba, asione haya. Wakunga wameona mengi kuliko hayo.

Mama wa tatu: “Kwa wangu kovu limevimba, linakua kuliko tundu lenyewe.” Hiyo inaweza kuwa keloidi. Inawapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa kati ya miaka 10 na 30, na hutembea katika ukoo. Ikiwa mama, shangazi au kaka anayo, au binti mwenyewe aliipata sikioni, asitoboe tena pahali popote. Na msikubali mtu aikate na kuwaacha hivyo tu. Ikikatwa bila matibabu ya kufuatia mara nyingi inarudi kubwa zaidi. Muoneni muganga wa ngozi au wa upasuaji.

Kwa mabinti wanaosoma

Mmoja wa wale rafiki wawili, naye tundu lake lilikataa. Alingoja pamoja na binti yetu, akapima, akachanja. Siku ya kurudi kwa muuguzi alisema hataki tena, kovu lake limempendeza vile lilivyo. Hakuna aliyemcheka. Hiyo pia ni njia nzuri, na haina gharama.

Na kwa wamama: binti akikuja jikoni na neno gumu, tumpe kiti kwanza. Sisi tulichelewa miezi mitatu, na alama yake iko kwenye tumbo la mtoto wetu.

Muuguzi wetu amekubali kuja kwenye mkutano wa siku ya posho ijayo, saa nane, baada ya hesabu ya likirimba. Atajibu maswali ya wote, na wenye aibu waandike kwenye kikaratasi bila jina. Leteni mabinti. Leteni pia kadi za chanjo za watoto, atazitazama.

Juma lijalo, unga wa muhogo.